Mchoro wa Pomboo Juu ya Kopo

Mwenye kulichukua kopo la jodari dukani na kulizungusha mkononi akitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, aghlabu atakuta pembeni mwake mchoro mdogo wa pomboo. Asiyejua asili yake atashangaa. Kopo ni la jodari. Pomboo kahusika vipi? Mchoro ule ni alama iliyobaki baada ya ugomvi mkubwa. Ulizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wanunuzi wa kawaida walipokataa kununua samaki wa kopo mpaka namna ya kumvua ibadilishwe. Hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa uwezo wa mlaji: kwamba mtu asiyekuwa na chombo wala wavu, mwenye kikapu chake tu, anaweza kuubadilisha uvuvi wa bahari asiyopata kuiona. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini ina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana, nayo inatuhusu sisi watu wa visiwani zaidi kuliko ile ya kwanza.

Tuanze na bahari yenyewe. Katika maji ya joto ya mashariki ya bahari ya Pasifiki, jodari wakubwa wana tabia ya kuogelea chini ya makundi ya pomboo. Wavuvi waliijua tabia hiyo tangu zamani. Pomboo hupumua juu ya maji, huonekana kwa mbali, na anapoonekana yeye jodari huenda yuko chini yake. Hata hivyo, mpaka miaka ya 1950 wavuvi wa San Diego walivua kwa fito. Walisimama ubavuni mwa chombo, wakatupa chambo hai majini, na kumtoa jodari mmoja mmoja kwa mshipi na ndoana. Pomboo hakudhurika kwa uvuvi huo. Mambo mawili ndiyo yaliyougeuza: nyavu za nailoni, zisizooza upesi kama zile za pamba, na kapi ya mashine iliyobuniwa na Mario Puratić, mvuvi mzaliwa wa Dalmatia aliyehamia California. Kwa kapi hiyo wavu mzito, uliokuwa ukiwachosha mabaharia wengi kwa saa nyingi, ukawa unavutwa kwa muda mfupi.

Hapo pomboo akageuzwa kielekezi cha mauti yake mwenyewe. Boti za kasi zilimfukuza hadi achoke, meli ikamzunguka kwa wavu wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, kisha kamba ya chini ikavutwa na wavu ukafumba kama mdomo wa mfuko. Jodari alinaswa, na pomboo pamoja naye. Mnyama huyu huvuta pumzi kama sisi. Akikwama wavuni chini ya maji hufa kwa kukosa hewa. Wataalamu wa serikali ya Marekani wamekadiria kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 uvuvi huo umeua pomboo zaidi ya milioni 6. Hakuna aliyewahitaji. Mizoga yao ilirudishwa baharini.

Sheria ilikuja mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuwahifadhi mamalia wa baharini. Vifo vilivyosababishwa na meli za Marekani vikashuka kutoka zaidi ya 300,000 kwa mwaka hadi takriban 20,000 katika miaka ya 1980. Lakini sheria ya nchi hufuata bendera ya nchi. Meli kadhaa zilibadilisha bendera, mataifa mengine yakajenga meli zao, na kufikia mwaka 1986 jumla ya pomboo waliokufa katika eneo lile ilikadiriwa kuwa 133,000. Jodari waliovuliwa kwa njia hiyo waliingia katika makopo yale yale, na makopo yakaingia katika majiko yale yale. Kilichoshindikana kuzuiwa baharini kilikuwa kikipita kila siku mbele ya macho ya watu dukani, nao hawakujua.

Aliyewafanya wajue ni kijana mmoja mwanabiolojia, Samuel LaBudde. Mwaka 1987 alijipatia kazi katika meli ya jodari yenye bendera ya Panama, akapika chakula cha mabaharia, na kwa miezi kadhaa akapiga picha za video za kila alichokiona wavu ulipopandishwa. Picha zile zilionyeshwa katika televisheni za Marekani mwaka 1988. Hazikuhitaji maelezo. Zilionyesha wanyama wanaopendwa na watoto wakihangaika ndani ya nyavu, wakivunjwa na kapi, wakitumbukizwa majini wakiwa maiti. Taasisi ya Earth Island, iliyoanzishwa miaka michache kabla yake na mwanamazingira David Brower, pamoja na vikundi vingine, ikawataka Wamarekani wasusie jodari wa kopo.

Inafaa tutulie kidogo hapa na kuuliza kwa nini wito ule ulifaulu, maana miito ya kususia bidhaa ni mingi na iliyofaulu ni michache. Sababu ya kwanza ni kwamba soko la jodari wa kopo Marekani lilikuwa mikononi mwa watu wachache. Majina matatu, StarKist, Bumble Bee na Chicken of the Sea, ndiyo yaliyojaza sehemu kubwa ya rafu za maduka. Nahodha aliye katikati ya bahari hana jina la kuchafuliwa, kopo linalo. Sababu ya pili ni kwamba kumwacha jodari hakumgharimu mnunuzi kitu: alinyoosha mkono akachukua kopo la kuku badala yake. Ya tatu ni kwamba StarKist ilikuwa mali ya kampuni ya Heinz, ambayo akina mama waliijua kwa rojo ya nyanya na vyakula vya watoto wachanga. Wanafunzi wa skuli waliandika barua kwa kampuni, na skuli zikaanza kumtoa jodari katika chakula cha mchana. Wahenga wetu walisema biashara haigombi. Mwenye duka anaweza kubishana na serikali miaka ishirini mahakamani, lakini kubishana na mtoto wa mteja wake hawezi.

Tarehe 12 Aprili 1990 mwenyekiti wa Heinz, Anthony O'Reilly, alitangaza kwamba StarKist haitanunua tena jodari aliyevuliwa kwa kuwazungushia pomboo wavu. Siku ile ile kampuni nyingine mbili zikafuata. Mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kuweka masharti ya nani anastahiki kuandika juu ya kopo kwamba pomboo amesalimika. Ndipo mchoro ule ulipoenea.

Idadi ya vifo ilianguka. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa chini ya 5,000 kwa mwaka, na baadaye ikapungua zaidi. Ila insafu inatutaka tuseme kwamba anguko hilo halikuletwa na wanunuzi peke yao. Mwaka 1992 mataifa yaliyokuwa yakivua katika eneo lile yalikubaliana huko La Jolla kwamba kila meli kubwa ichukue mwangalizi, kila meli iwekewe ukomo wa vifo, na manahodha wafundishwe namna ya kuirudisha meli nyuma ili ukingo wa wavu uzame na pomboo wapite juu yake wakiwa hai. Wavuvi wa Mexico walijifunza jambo hilo na kulitekeleza. Hata hivyo jodari wao aliendelea kukosa alama ile katika soko la Marekani, kwa kuwa alama haikuuliza wamekufa wangapi. Iliuliza kama pomboo walizungushiwa wavu au la. Mexico ikaipeleka Marekani mbele ya wasuluhishi wa biashara ya kimataifa, ikashinda mwaka 1991 bila ya uamuzi huo kutekelezwa, ikarudi tena mwaka 2008, na shauri halikumalizika mpaka mwishoni mwa mwaka 2018, safari hii Marekani ikiwa mshindi. Miaka karibu thelathini ilipita watu wakigombania maana ya mchoro mmoja.

Kususia bidhaa kwa ajili ya dhamiri hakukuanza na jodari. Mwaka 1791, baada ya Bunge la Uingereza kukataa kuipiga marufuku biashara ya watumwa, Waingereza walianza kuiacha sukari iliyotoka katika mashamba ya watumwa ya visiwa vya Karibi. Thomas Clarkson, mmoja wa viongozi wa kampeni ile, alikadiria kuwa watu 300,000 waliacha kuitumia, na wanawake, ambao ndio waliosimamia manunuzi ya nyumba, walikuwa mstari wa mbele. Lilikuwa jambo kubwa, na biashara ile ilipigwa marufuku mwaka 1807. Lakini msomaji wa visiwa hivi hawezi kuisoma habari hiyo bila ya kukumbuka yaliyofuata hapa kwetu. Katika karne hiyo hiyo iliyoanza kwa marufuku ile, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalipandwa na kuchumwa na mikono ya watumwa, karafuu zikavuka bahari na kuuzwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka mwaka 1897. Swali lililoulizwa lilikuwa juu ya sukari. Juu ya karafuu, na juu ya pembe zilizotengenezewa vibao vya piano, halikuulizwa kwa nguvu ile.

Nimeuleta mfano huo kwa sababu unaonyesha tabia moja ya duka ambayo kisa cha jodari kinaithibitisha. Duka hujibu swali lililoulizwa, wala halijibu zaidi. Wamarekani waliuliza: je, pomboo amezungushiwa wavu? Kampuni zikajibu: hapana, sasa tazameni mchoro. Hakuna aliyeuliza jodari mwenyewe amevuliwa vipi, ana umri gani, na amekufa pamoja na nani.

Meli zilizoacha kuwafuata pomboo katika Pasifiki zilihitaji kielekezi kingine, na bahari ina kingine. Kila mvuvi wa pwani hii anajua kwamba kitu chochote kinachoelea baharini, gogo, jani la mnazi, ubao wa chombo kilichovunjika, hukusanya samaki chini yake. Meli kubwa zikaanza kutengeneza vyelezo vyao wenyewe: jukwaa dogo la mianzi au plastiki, lenye mkia mrefu wa nyavu kuukuu au kamba unaoning'inia chini yake, na juu yake chombo cha mawasiliano kinachoiambia meli kwa njia ya setilaiti kilipo. Baadaye vikatiwa hata mashine za kupima kwa mwangwi wingi wa samaki walio chini. Nahodha hahitaji tena kutafuta. Husubiri, kisha huenda akazungusha wavu. Walakini wanaokusanyika chini ya chelezo si wale jodari wakubwa wanaofuatana na pomboo. Ni sehewa wengi, pamoja na jodari wadogo ambao hawajapata kuzaa hata mara moja, na papa, na fulusi, na mara nyingine kasa. Wote hupandishwa pamoja. Na kopo linalotokana nao hustahiki mchoro wa pomboo bila ya shaka yoyote, kwa kuwa hakuna pomboo aliyezungushiwa wavu.

Wimbi la pili la wanunuzi lilianzia Ulaya, na lilitokana na msiba mwingine. Mwezi Julai 1992 serikali ya Canada iliufunga uvuvi wa samaki aina ya chewa katika bahari ya Newfoundland, uvuvi uliodumu karne nyingi na ambao wengi waliudhania hauishi. Maelfu ya watu walikosa kazi kwa siku moja. Msiba huo uliwatia hofu hata wafanyabiashara: kampuni ya Unilever, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa samaki duniani, ikashirikiana na shirika la WWF kuanzisha mwaka 1997 Baraza la Usimamizi wa Bahari, MSC, lenye kazi ya kukagua uvuvi na kuupa nembo ule unaostahiki.

Nembo peke yake haikutosha kuyasukuma maduka. Kilichoyasukuma ni kufananishwa. Mwezi Oktoba 2005 shirika la Greenpeace lilichapisha huko Uingereza orodha iliyoyapanga maduka makubwa kwa kipimo kimoja: ni samaki gani wanaouza na wamevuliwa vipi. Marks & Spencer na Waitrose yalikuwa juu; ASDA lilikuwa mkiani. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya wanaharakati kupanda juu ya paa la makao makuu yake mjini Leeds, ASDA lilitangaza kuwa litaacha kuuza baadhi ya samaki walio hatarini na kuelekea kuuza samaki wenye nembo ya MSC. Haya ndiyo mabadiliko ya hila baina ya miaka ya 1980 na miaka ya 2000. Wa mwanzo walimwambia mteja: usinunue. Hawa wa pili walimwambia mwenye duka: jirani yako amekushinda. Mteja hakulazimika hata kuacha kula samaki. Ilitosha mwenye duka kuamini kuwa mteja huyo anaweza kuvuka barabara.

Katika orodha zilizofuata, zilizohusu jodari peke yake, swali lililosahauliwa mwaka 1990 hatimaye liliulizwa: je, kavuliwa chini ya chelezo? Mwaka 2011, wakati televisheni ya Uingereza ilipokuwa ikionyesha vipindi vya mpishi Hugh Fearnley-Whittingstall juu ya uvuvi, maduka na kampuni za makopo ziliahidi moja baada ya nyingine kuacha jodari wa vyelezo au kuuza wale wa fito tu. Nyingine zilitimiza ahadi, nyingine zikachelewa. John West, kampuni iliyoahidi kukamilisha mabadiliko yake ifikapo mwisho wa mwaka 2016, iliumbuliwa mwaka 2015 ilipobainika kuwa bado iko mbali sana na ahadi, na mwaka uliofuata duka la Tesco likaondoa baadhi ya makopo yake katika rafu. Ahadi ya muuzaji, kama ilivyo ahadi nyingine yoyote, inataka mtu wa kuikumbuka.

Walionufaika na swali hilo ni majirani zetu wa Maldivi. Kwa karne nyingi watu wa visiwa vile wamevua sehewa kwa fito na chambo hai, namna ile ile waliyoiacha wavuvi wa San Diego, na serikali yao haikuruhusu nyavu kubwa za kuzungusha. Walionekana waliochelewa, kumbe walikuwa wamebaki mahali ambapo soko lingerudi. Mwaka 2012 uvuvi wao wa sehewa ulipata nembo ya MSC, na jina la Maldivi likaandikwa kwa fahari juu ya makopo ya Uingereza. Hapa mnunuzi wa mbali alimfaa mvuvi mdogo wa kisiwani, na jambo hilo lisidharauliwe.

Sasa na tulirudishe kopo nyumbani. Meli kubwa za nyavu za Ufaransa na Hispania ziliingia magharibi ya bahari ya Hindi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikaifanya Victoria ya Shelisheli kituo chao. Kiwanda cha makopo kilifunguliwa huko mwaka 1987. Mwaka 1995 sehemu kubwa ya hisa zake ilinunuliwa na Heinz, kampuni ile ile iliyotangaza miaka mitano kabla yake kwamba imewaokoa pomboo. Heinz haikuvunja neno lake. Katika bahari yetu meli za nyavu hazikuwa na mazoea ya kuwafuata pomboo; zilifuata jodari walio huru na, kadiri miaka ilivyopita, vyelezo zaidi na zaidi. Swali la Wamarekani halikuwa na cha kuzikataza. Vyelezo visivyofuatiliwa tena huchukuliwa na mikondo ya maji, na huko Shelisheli wataalamu wameonyesha jinsi vinavyokwama katika miamba ya matumbawe na kuacha humo mikia yao ya nyavu.

Kuna chombo cha kusimamia mambo haya: Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoundwa mwaka 1996 na kuweka makao yake Victoria, ambamo mataifa ya pwani hukaa meza moja na mataifa ya mbali yenye meli. Mwaka 2015 wanasayansi wake waliripoti kwamba jodari wa bahari hii wamevuliwa kupita kiasi. Hatua zilizochukuliwa zilikuwa dhaifu, na kuanzia mwaka 2020 baadhi ya maduka ya Ulaya, Tesco likiwamo, yalionya kwamba yatapunguza au kusimamisha kumnunua jodari wa bahari ya Hindi kama mataifa hayatakubaliana. Mwezi Februari 2023 tume ilikutana Mombasa na kupitisha kwa kura, kwa msukumo wa mataifa ya pwani, azimio la kusimamisha uvuvi wa vyelezo kwa siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya, ambao raia wake ndio wanaosoma lebo dukani, uliweka pingamizi, na mataifa mengine nayo yakapinga, hata azimio likapoteza nguvu. Mwaka uliofuata, huko Bangkok, mataifa yalikubaliana juu ya masharti mapya ya kuvisajili na kuvipunguza vyelezo, na mwishoni mwa mwaka huo wa 2024 tathmini mpya ya wanasayansi ilionyesha kuwa hali ya jodari ni nafuu kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hivyo tusikate tamaa. Ila tutazame nani alisikika. Onyo la maduka lilisikika kabla ya kura ya Mombasa na halikupigiwa pingamizi na yeyote. Asiyekuwapo na lake halipo, na mvuvi wa Mkokotoni au Lamu hayumo katika rafu za London, si kwa jina wala kwa mchoro.

Na pomboo je? Hapa ndipo historia inapokuwa chungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba baina ya mwaka 1950 na 2018 majarife yanayotegwa kwa ajili ya jodari katika bahari ya Hindi yaliua pomboo na jamaa zake wadogo wapatao milioni 4.1. Idadi hiyo inakaribia ile ya Pasifiki, lakini hapajatokea picha za kuwaliza watoto wala mwenyekiti wa kampuni wa kutoa tangazo. Sehemu kubwa ya samaki wale huvuliwa na vyombo vya Iran, Pakistan, Oman na nchi nyingine za ukingo wa bahari hii, na huliwa humu humu, katika masoko yasiyokuwa na rafu, lebo wala mchoro. Mlaji wa samaki hao hakuwa Mmarekani. Mlaji alikuwa jirani yetu, na pengine sisi.

Hatuna haki ya kujitoa katika maneno haya. Kizimkazi, ambako wageni hulipa leo ili waonyeshwe pomboo, hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakiwindwa wawe chambo cha papa. Kilichowaponya ni kuja kwa mnunuzi wa aina nyingine, aliye tayari kulipia kumwona mnyama akiwa hai. Katika pwani ya bara, kuanzia Tanga hadi Mtwara, baruti ilipigwa baharini tangu miaka ya 1960 ingawa sheria ya mwaka 1970 iliikataza. Samaki wa baruti hujulikana. Nyama yake hulegea, damu huvilia ndani, na uti wa mgongo huwa umevunjika. Mama lishe anamjua, mchuuzi anamjua, na mwenye kumpasua jikoni anamjua. Kwa nusu karne alinunuliwa, kwa kuwa alikuwa chakula na watoto walikuwa wakingoja. Uvuvi huo ulipungua sana baada ya mwaka 2016, na uliopunguza ni mkono wa dola: doria, misako na vifungo. Mnunuzi hakuwa na sehemu kubwa katika ushindi ule.

Kumlaumu mwenye kipato kidogo kwa kununua kilicho rahisi ni dhulma, wala sikusudii kuifanya. Mmarekani wa mwaka 1990 alikuwa na kopo la kuku pembeni. Mtu wa Mtwara huenda hakuwa na kitu pembeni. Lakini kuna jambo moja tulilo nalo ambalo mnunuzi wa London hanalo. Yeye humjua samaki kwa maandishi. Hukiamini kile alichochorewa na mtu asiyemjua juu ya bahari asiyoiona, na ndiyo sababu aliweza kuridhishwa na mchoro wa pomboo miaka ishirini bila ya kujua kuna vyelezo. Sisi twasimama katika diko la Malindi asubuhi, samaki yuko mbele yetu na aliyemvua yuko hatua tatu nyuma yake. Twamfunua matamvua, twambonyeza ubavu, twatazama jicho. Twauliza bei, twauliza kama ni wa leo au wa jana. Swali la kavuliwa wapi na kwa nini, kwa mshipi, kwa jarife au kwa kitu kingine, halihitaji shirika, orodha wala nembo; lahitaji kuulizwa kwa sauti mnadani, na mtu wa pili kulirudia kesho yake. Muuzaji atalijibu, kama walivyolijibu wenzake wa Pittsburgh na Leeds, kwa sababu zile zile. Na atajibu hilo tu tulilomuuliza.